Nimepanga chumba kimoja Kazan, Urusi, miezi kumi, haya ndo ya kujua kabla hujampa dalali hela

Wadau, naandika hii kwa sababu kila mwezi wa nane kuna wadogo zetu wanatua huku na mabegi mawili hawajui waanzie wapi, na wengine wakishachoka hosteli ya chuo wanakimbilia kupanga mtaani bila kuuliza mtu. Mimi nilikaa hosteli miaka miwili, Agosti 2024 nikasema sasa basi, nataka jiko langu na bafu langu. Kwa hiyo haya ni mapitio ya nyumba niliyopanga, ya dalali aliyenipatia, na ya mama mwenye nyumba, na humo humo nitachanganya maisha maana huku Urusi nyumba na makaratasi ni kulwa na doto, huwezi kusema kimoja ukaacha kingine. Majina ya watu sitaji wala mtaa sitaji.

Nyumba yenyewe ni ile wanayoiita odnushka, yaani chumba kimoja, jiko, na bafu na choo pamoja. Jengo ni khrushchyovka, yale ya ghorofa tano yaliyojengwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 enzi za Khrushchev, kiongozi wa Usovieti wa wakati huo, na hayana lifti. Mimi niko ya tano. Ukibeba kilo kumi za mchele na maji ya kunywa kutoka dukani utazijua ngazi zote kwa idadi. Jiko ni mita sita za mraba hivi, ukifungua friji mlango unagusa meza, lakini ni jiko langu na jamani kupika maharage bila mtu kuja kuuliza utamaliza saa ngapi ni raha isiyoelezeka. Kuna mashine ya kufulia, kuna jiko la gesi, kuna balkoni ndogo iliyozibwa vioo. Madirisha ni ya plastiki ya vioo viwili, hayapitishi upepo. Nyumba kama nyumba naipa nne kati ya tano, na hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya dari, barafu la juu ya paa lilipoanza kuyeyuka mwezi wa tatu maji yakashuka pembeni mwa dirisha na ile alama ya kahawia ipo mpaka leo.

Sasa hela. Kodi ni rubli 27,000 kwa mwezi. Siku ya kwanza unalipa kodi ya mwezi, unalipa amana sawa na kodi ya mwezi, na unamlipa dalali, wangu alichukua nusu ya kodi. Jumla nilitoa 67,500 kwa mpigo mmoja, na hapo sijanunua hata sufuria. Na komunalka, yaani bili za maji, umeme, joto, takataka na mengine, inakuja kwenye karatasi moja ndefu yenye mistari mingi mpaka unachoka kusoma. Kabla ya kusaini uliza wazi nani analipa nini, maana wengine ukisikia "kodi pamoja na komunalka" kumbe umeme na maji vya kwenye mita haviko humo. Kwangu nalipa za mita tu, kila mwezi napiga picha namba za mita namtumia mama mwenye nyumba.

Mkataba ni wa miezi 11. Karibu wote huku ni 11, kwa sababu mkataba wa mwaka mzima au zaidi unatakiwa kusajiliwa serikalini na wenye nyumba hawataki huo usumbufu. Hilo halina shida kwako, ila ujue mapema miezi 11 ikiisha anaweza kukwambia toka.

Kabla ya kupata hii nilipiga simu nyumba kama kumi na tano. Kwenye matangazo mengine wanaandika kabisa kwamba nyumba ni kwa Waslavi tu, yaani Warusi na wenzao wa asili moja, iko pale peupe kama wanavyoandika idadi ya vyumba. Wengine hawaandiki, ila wakisikia lafudhi wanasema imeshachukuliwa, na kesho tangazo bado lipo. Mi sitasema nimezoea, sijazoea, siku ile ya simu ya saba nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za hosteli nikalia. Mdogo wangu ukikutana na hilo usijione una kasoro, endelea na simu inayofuata, na ikiwezekana mpe rafiki Mrusi au Mtatari (kabila la wenyeji wa huku Kazan) apige kwa niaba yako lakini aseme mapema kwamba anayekuja kukaa ni mwanafunzi mgeni, ili usipoteze nauli kwenda kufungiwa mlango.

Haya, dalali. Dalali nampa moja. Kuna kitu kimoja tu nilimuuliza mara tatu, nikamwandikia na kwenye simu, je mwenye nyumba atanifanyia registratsia? Akajibu hamna shida. Nikalipa. Kwa wasiojua, registratsia ni ile taarifa kwa serikali kwamba mgeni fulani anakaa anwani fulani, na haifanyi mgeni mwenyewe, anaifanya anayekupokea, yaani mwenye nyumba, ndani ya siku saba za kazi tangu uhamie. Ukiwa hosteli chuo kinakufanyia, unapeleka pasipoti na karatasi ya uhamiaji wanakurudishia, ndo maana wengi wetu hatujui uzito wake. Ukihamia mtaani unakuwa mikononi mwa mtu mmoja. Asipofanya, faini inaweza kukufikia na wewe, rubli 2,000 hadi 5,000, na juu yake unaweza hata kufukuzwa nchini. Na tangu Februari 5, 2025 kuna orodha ya wageni ambao makaratasi yao hayajakaa sawa, ukiingia humo hata benki haikufungulii akaunti. Sio jambo la kusema nitashughulikia wiki ijayo.

Nilihamia Jumamosi Agosti 10. Jumatatu nikampigia mama mwenye nyumba twende tukajiandikishe, akasema hapana. Hivyo tu, hapana. Nikajua labda Kirusi changu kimekosewa nikarudia taratibu, akasema yeye hamwandikishi mtu kwenye nyumba yake, jirani yake aliwahi kumwandikisha mtu na nyumba nusu iende. Nikampigia dalali, akasema hayo ni yenu wawili, kazi yake imeisha. Baada ya hapo simu yangu hakupokea tena.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba wenye nyumba wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna ile propiska ya Warusi wenyewe, ya makazi ya kudumu, hiyo ndo inawatia hofu kwa mambo ya haki ya kukaa. Na kuna hii yetu ya wageni, ni taarifa ya muda tu, haikupi haki yoyote juu ya nyumba ya mtu, tarehe ikifika inaisha. Wengine pia wanaogopa kodi ya mapato kwa sababu hawatangazi kwamba wanapangisha. Mama yule hakuwa mtu mbaya, aliogopa, na hakuna aliyemweleza, na mimi kumweleza kwa Kirusi cha darasani huku natetemeka haikusaidia.

Aliyeniokoa ni bibi wa ghorofa ya kwanza. Mtatari, umri wake kama wa bibi yangu mzaa mama, anakaa kwenye benchi la mlangoni kila jioni na kitambaa chake kichwani. Nilimkuta Alhamisi nimeshika mkoba na macho yamevimba akaniuliza unatoka wapi mwanangu, nikamwambia Tanzania, akaniuliza umekula? Nikaanza kulia tena. Akanipeleka kwake akanipa chai na echpochmak, zile za pembetatu zenye nyama na viazi ndani, nikamweleza yote. Kwa Kitatari bibi ni əbi, nilipomwambia kwetu tunasema bibi akanishika mkono akarudia, bibi, bibi, na toka siku hiyo simuiti kwa jina lingine. Yeye ndo alimpigia simu mama mwenye nyumba, wakaongea Kitatari dakika ishirini hivi, akakata akasema kesho saa nne asubuhi atakuja, uwe na pasipoti.

Na kweli akaja. Tukaenda ile ofisi ya huduma za serikali, MFC, unachukua namba unasubiri kwenye skrini. Dada wa kaunta alikuwa mpole sana. Akachukua viza yangu na tafsiri ya pasipoti yenye muhuri wa notari, akaziweka pembeni kwa pembeni, akaweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Jina langu linaanza na H. Kirusi hakina H yetu, kwenye viza wameandika Х, na mtafsiri ameandika Г. Herufi moja. Akaniambia kwa karatasi hizi nyie ni watu wawili. Siku ya tano hiyo, Ijumaa.

Nikarudi kwa mtafsiri, akasema yote ni sahihi maana zamani H waliandika Г na sasa wengi wanaandika Х, na kubadilisha ni kulipia upya. Nikalipa, kwa nini nibishane na siku zinahesabika. Jumanne Agosti 20, siku ya saba yenyewe, mama mwenye nyumba akaja tena, hakununa, dada akagonga muhuri akanikatia kile kipande cha chini cha fomu. Kile kipande ndo kila kitu, nakitembeza ndani ya pasipoti, kopi iko chuoni, picha iko kwenye simu.

Kwa hiyo nasema hivi kwa herufi zote, usitoe hela ya dalali kabla mwenye nyumba mwenyewe hajakwambia kwa mdomo wake kwamba atakuandikisha, na iandikwe kwenye mkataba. Dalali akisema hamna shida mwambie basi tuandike. Akisita, ondoka. Na tafsiri ya pasipoti ukifika tu chagua mtafsiri mmoja, mpe viza yako umwambie jina liandikwe kama lilivyo kwenye viza herufi kwa herufi, kisha hiyo hiyo uitumie benki, chuo, hospitali, laini ya simu, kila mahali. Pia wanapenda kuuliza otchestvo, jina la baba kwa mtindo wao, kama kwenye pasipoti halipo usikubali mtu akubunie, waache nafasi wazi, kwa sababu likiingia karatasi moja na nyingine halipo unarudi kwenye kuwa watu wawili.

Niongee joto sasa. Watu nyumbani wanadhani tunaganda ndani, hapana, ndani ni joto mpaka unakaa na fulana Januari wakati nje ni hasi ishirini na kitu. Joto linatoka kwenye mitambo mikubwa ya mji, maji ya moto yanapita kwenye mabomba ya chuma chini ya dirisha, batareya wanaita. Kwenye majengo ya zamani kama langu haina koki ya kupunguza, ikiwaka imewaka, ukizidiwa unafungua dirisha na theluji inaingia huku bomba linakuchoma goti. Nguo zikianikwa juu yake usiku asubuhi zimekauka kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto. Hewa inakauka hivyo hivyo, wiki ya kwanza nilitokwa damu puani, bibi akanifundisha kuweka taulo lililoloa juu ya batareya na bakuli la maji pembeni, ikaisha.

Shida ni kabla haijawaka. Joto haliwashwi kwa sababu wewe unasikia baridi, wanasubiri wastani wa joto la nje kwa siku uwe chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Kwa hiyo kuna kipindi mwishoni mwa Septemba ndani ya nyumba unavaa koti, chuma kiko hapo ukutani na ni cha baridi kama kaburi. Nunua hita ndogo ya umeme mapema, ikifika siku hizo kila mtu anatafuta.

Na kiangazi ni kinyume, wanakata maji ya moto. Kila mwaka, mpaka siku 14, mtaa kwa mtaa, ili kupima na kukarabati mabomba. Tangazo linabandikwa mlangoni kwenye karatasi ndogo, mimi sikuliona, nikaingia bafuni na povu kichwani maji yakaja ya barafu. Zangu zimeisha wiki iliyopita. Nilichemsha maji kwenye sufuria kubwa nikachanganya kwenye ndoo nikaoga kwa kopo kama nilivyolelewa, na niwaambie ukweli lile kopo lilinitoa machozi ya namna nyingine, nilijisikia niko uani kwetu kabisa. Wenzangu Warusi wao wanahangaika kwenda kuoga kwa ndugu wa mtaa mwingine.

Kuna mapazia pia. Desemba saa tisa alasiri giza linaanza kuingia, na Juni saa tisa usiku jua linachomoza. Nyumba haikuwa na mapazia mazito, nikawa silali, nikanunua ya rubli 3,000, hayo nitayavua niondoke nayo. Saa zetu na zao ni zilezile, Kazan wanatumia saa za Moscow ambazo ni sawa na za Afrika Mashariki, kwa hiyo kumpigia mama hakuna hesabu. Ila kuta ni nyembamba na batareya inapitisha sauti, ukicheka na simu saa nne usiku jirani anagonga bomba kwa kijiko, linalia nyumba nzima. Mara ya kwanza nilidhani ni hitilafu nikataka kuita fundi, bibi akaniambia hiyo ni salamu ya kukwambia upunguze sauti. Napunguza.

Hela na simu nitapita haraka. Visa na Mastercard za nyumbani hazifanyi kazi huku tangu Machi 2022, njoo na dola taslimu, fungua kadi ya Mir, kadi ya benki ya Kirusi, ukishapata registratsia. Laini ya simu tangu Januari 2025 mgeni anaipata kwenye duka la kampuni ya simu tu, na alama za kibayometria na namba ya SNILS, yaani namba ya bima ya jamii ya huku, usinunue laini ya mtu barabarani itazimwa. Intaneti ya simu siku hizi wanaikata kwa sababu ya droni za vita, Desemba 21, 2024 zilipiga hadi majengo marefu ya makazi hapa Kazan, siku hiyo simu kutoka nyumbani hazikuisha. Kwa hiyo ukikagua nyumba uliza kama kuna waya wa intaneti ndani, kwangu upo na umenisaidia sana.

Mama mwenye nyumba nampa tatu na nusu. Alikataa mwanzo, lakini alipokubali alikuja mwenyewe mara mbili, na nilipotoka likizo ya Januari nikarudi, maana ukitoka nchini ukirudi unaandikishwa upya, hakuniuliza chochote, akaniambia tu kesho saa nne kama siku ile. Dari hajatengeneza. Amana anasema atarudisha yote, nitaongeza hapa akirudisha.

Mkataba unaisha Julai 10, 2025 na mimi naenda kuishi karibu na hospitali nitakayofanyia mafunzo kwa vitendo. Kama kuna dada anataka hii nyumba aniambie nimkutanishe na mama moja kwa moja bila dalali, nimeshamuuliza na amesema mwanafunzi mgeni sawa, ataandikisha. Ndoo, kopo na sufuria kubwa naviacha chini ya sinki. Na ukifika panda kwanza mlango wa kushoto ghorofa ya kwanza umsalimie bibi, anapenda majani ya chai ya nyumbani, beba hata pakiti moja.